Nyumba ya kupanga Lubumbashi: fibra, ruta ya laini ya simu au Starlink?

Mgeni_wa_Mbeya (Jumatatu, saa 1:40 usiku)

Ndugu zangu, habari za jioni. Huu ni mwezi wa pili tangu nihamie Lubumbashi, hapa Kongo, nikitokea Mbeya, na siku zote hizo nimekuwa nikiishi kwa vifurushi vya simu, ambavyo huisha kabla ya wakati na kunikatiza katikati ya kazi. Nimekusudia kufunga intaneti ya nyumbani kabla mwezi huu haujaisha. Mbele yangu naona njia tatu: fibra, yaani intaneti ya waya wa uzi wa kioo, ambayo waya wake unapita kwenye nguzo za mtaa wetu, ruta ya laini ya simu, iwe ya Vodacom, Airtel au Orange, na Starlink, intaneti ya satelaiti ambayo jirani yangu huisifu kila tunapoonana. Kwa mpangaji, ipi inafaa? Naomba mnisaidie kwa uzoefu wenu, maana nikikosea sina wa kunirudishia fedha.

Fundi_Kampemba (saa 1:58 usiku)

Karibu sana mjini kwetu, ndugu. Swali lako ni zuri, lakini umeyaacha yale yote ambayo jibu linayategemea. Unakaa mtaa gani? Ni nyumba ya peke yako au ni anexi, yaani nyumba ndogo ya nyuma, ndani ya lupango (kiwanja kimoja) wenye wapangaji wengine? Umebakiza miezi mingapi kwenye mkataba? Umeme kwenu hukatika mara ngapi, na ukikatika hurudi baada ya saa ngapi? Intaneti yenyewe ni ya kazi gani, kwani anayetazama filamu usiku na anayezungumza na ofisi kwa video hawahitaji kitu kimoja. Na juu ya paa lenu kuna mbingu wazi au kuna mti? Usipotueleza hayo, kila mtu hapa atakusifia anachotumia yeye.

Mama_BelAir (saa 2:20 usiku)

Mwanangu, mimi nakuambia fibra. Nyumbani kwangu tuko watu sita, watoto wawili wako shule na mmoja yuko chuo kikuu, na tangu tufungiwe hakuna anayemwuliza mwenzake ni nani amemaliza megabaiti, kwa kuwa tunalipa kwa mwezi bila kuhesabiwa matumizi. Vifurushi vya simu vilikuwa vinatumaliza. Mtoto akifungua video ya ubora wa juu, saa moja inaweza kula gigabaiti 3, na kabla ya giza kuingia unadaiwa kingine. Mwenye kazi ya kudumu hawezi kuishi hivyo.

Mpangaji_Makomeno (saa 3:05 usiku)

Nampa Mama heshima yake, lakini Mama anaishi katika nyumba yake mwenyewe, na tofauti yote iko hapo. Niruhusuni nieleze yaliyonipata, kwa kuwa mimi sikupata wa kunieleza.

Mwaka juzi nilipanga anexi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nililipa ada ya kufungiwa fibra, nikalipa na mwezi wa kwanza, mafundi wakaja, wakatoboa ukuta karibu na dirisha la sebule na kuacha kisanduku cheupe chenye taa nne. Miezi mitatu sikuwa na la kulalamika. Kisha asubuhi moja ya Januari, baada ya mvua ya usiku kucha, nikakuta taa iliyoandikwa LOS, ile ya kuonyesha mawasiliano yamekatika, inapepesa nyekundu. Nilizima, nikawasha, nikachomoa, nikachomeka, na wekundu ukabaki uleule. Nikatoka nje kuufuata waya ukutani hadi kwenye kona ya barabara, na hapo nikaukuta umekatwa kwa kisu, ncha yake ikining'inia usawa wa uso wangu. Gamba jeusi lilikuwa limechunwa urefu wa kidole, na ndani yake mlichomoza uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Aliyeukata alikuwa anatafuta shaba. Katika mji huu ambao hata watoto wanajua kilo ya shaba inauzwa bei gani, waya wowote mweusi unaopita juu ya ukuta hudhaniwa kuwa na shaba ndani, na fibra haina.

Nilipiga simu kwa kampuni. Waliopokea walikuwa Kinshasa, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kila asubuhi nilingoja ifike saa 3 ya huku ndipo ofisi yao ifunguliwe saa 2 ya kwao. Kila siku niliambiwa fundi atakuja kesho, na kesho hiyo ilifika siku ya 23, huku malipo ya mwezi yakiendelea kuhesabiwa kana kwamba natumia. Nilipohama ndipo palipouma zaidi. Mwenye nyumba alikata dola 40 kwenye amana yangu kwa ajili ya tundu la ukutani, kisha akanizuia kukiondoa kile kisanduku, akisema kilichopigiliwa ukutani ni cha nyumba. Na kampuni nayo ikanidai kisanduku hichohicho, ikisema ni mali yake. Nilikilipa ili nisiandamwe.

Tangu hapo natumia ruta ya laini ya simu. Naiweka dirishani, na siku ya kuhama naitia mkobani. Mpangaji asifunge nyumbani mwa mtu kitu ambacho hawezi kuondoka nacho.

Kaka_Ruashi (saa 3:31 usiku)

Pole sana, ndugu. Ila kama tunatafuta kinachobebeka, basi Starlink nayo inabebeka: sahani, waya na ruta, vyote vinaingia katika boksi moja. Haitegemei nguzo ya mtaa wala haina waya wa kukatwa barabarani. Satelaiti zake ziko takriban kilomita 550 kutoka ardhini, wakati zile za madishi makubwa tuliyoyazoea ziko karibu kilomita 36,000, na ndiyo sababu mazungumzo ya video hayachelewi kama yalivyokuwa yakichelewa zamani. Mimi siwezi kurudi kwenye laini ya simu, ambayo jioni, mtaa mzima ukishaingia mtandaoni, inakuwa nzito hata ujumbe wa sauti haupandi.

Mwalimu_Kasapa (saa 3:44 usiku)

Tuwe waangalifu tunapomshauri mgeni. Kifaa hicho kimepigwa marufuku nchini, na mgeni akikamatwa nacho atapata taabu ambayo sisi wenyeji hatutamsaidia kuibeba.

Kaka_Ruashi (saa 3:50 usiku)

Mwalimu, kwa heshima zote, hali hiyo imeshabadilika. Onyo la ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, lilitolewa Machi 2024, lakini Mei 2025 mamlaka hiyohiyo ilitangaza kuipa Starlink leseni.

Mwalimu_Kasapa (saa 4:02 usiku)

Nashukuru kwa kunisahihisha. Hata hivyo limebaki jambo moja. Kabla ya leseni hiyo, vifaa vingi vilivyotumika hapa vilivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, ambako huduma ilianza mwaka 2023, na baadhi yake sasa vinauzwa mkononi kwa bei inayovutia. Anayenunua hivyo aulize kwanza akaunti ni ya nani na imesajiliwa nchi gani, kwa kuwa kifaa hakiwezi kuingia kwenye akaunti yako hadi mwenyewe akiondoe kwenye yake. Ukishampa fedha naye akarudi zake Kitwe, Zambia, utabaki na sahani isiyofanya kazi.

Mgeni_wa_Mbeya (Jumanne, saa 12:25 asubuhi)

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuyaacha mliyoyauliza. Ninakaa upande wa Golf, katika anexi iliyo nyuma ya nyumba kubwa. Lupango wetu una wapangaji watatu. Mkataba umebakiza miezi kumi, lakini kuna uwezekano kazi ikanihamishia Kolwezi kabla ya hapo. Natunza hesabu za kampuni iliyoko Dar es Salaam, na kila siku saa 3 asubuhi ya kwao, yaani saa 2 ya hapa, nina kikao cha video kisichoahirishwa. Umeme hukatika jioni tatu au nne kwa wiki, na mara mojamoja asubuhi, ambapo ndipo ninapoumia. Juu ya anexi kuna mwembe mkubwa, matawi yake yamefunika zaidi ya nusu ya paa. Mwenye nyumba anaishi Likasi.

Mimi ni dada, si kaka, kwa wale walionijibu faraghani.

Fundi_Kampemba (saa 1:10 asubuhi)

Sasa tunaongea, dada. Mwembe huo peke yake unaiondoa Starlink, isipokuwa mwenye nyumba akubali sahani iwekwe juu ya nyumba kubwa, kwa sababu satelaiti zinapita haraka na kila tawi linalokatiza mbingu linakukatia kikao kwa sekunde kadhaa. Ukiwa unatazama filamu hutagundua, lakini ukiwa unamsomea mkubwa wako tarakimu utagundua.

Jambo la pili ni umeme, na hapa watu wengi hukosea kwa kulinganisha kasi tu. Kisanduku cha fibra pamoja na ruta yake hula wati 12 hadi 15. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, kwa hiyo itakupa saa 5 au 6. Sahani ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100, na betri hiyohiyo haitakufikisha saa mbili. Ile sahani ndogo inakula wati 25 hadi 40, ambayo ni nafuu, lakini bado ni zaidi ya fibra. Tena kwa kawaida fibra ya nyumbani haina mtambo wa umeme kwenye nguzo za mtaani, bali mwanga unagawanywa tu, kwa hiyo umeme ukikatika mtaa mzima wewe unaendelea mradi kisanduku chako kina betri.

Mwalimu_Kasapa (saa 1:35 asubuhi)

Hesabu yako ni ya vitabuni, Fundi. Betri ya asidi haipaswi kukamuliwa hadi mwisho. Ukiikamua hivyo kila jioni, baada ya miezi michache imekufa. Mhesabie nusu, yaani saa 3 hivi.

Fundi_Kampemba (saa 1:41 asubuhi)

Nakubali kwa betri ya asidi. Ndiyo maana wateja wangu nawashauri wachukue zile betri ndogo za lithiamu zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, na wasome volti iliyoandikwa chini ya ruta kabla ya kununua, kwa sababu nyingine ni za volti 9 na nyingine 12. Tena msimu huu wa mvua, radi ikianza kunguruma, chomoa adapta ukutani. Uzi wa kioo haupitishi umeme, lakini adapta inapitisha, na mwezi uliopita pekee nimeletewa ruta nne zilizoungulia hapo.

Mama_BelAir (saa 2:15 asubuhi)

Kwa nini wapangaji watatu wasichange fedha na kufunga fibra moja? Ruta ikikaa katikati ya lupango, kila mmoja atalipa theluthi, na hata lile tundu la ukutani litakuwa la wote.

Mpangaji_Makomeno (saa 2:30 asubuhi)

Mama, jina kwenye mkataba litakuwa la mmoja, na siku wawili wakichelewa kulipa ni mmoja atakayekatiwa. Halafu saa 2 asubuhi, dada akiwa kwenye kikao chake, nani atamzuia jirani asipakue filamu? Mchango wa aina hiyo huanza kwa furaha na kuishia kwa kununiana kisimani.

Mama_BelAir (saa 2:38 asubuhi)

Si kila lupango una watu wa namna hiyo. Sisi kwetu tulichangia kisima cha pampu kwa miaka minane bila ugomvi. Wakubaliane kwa maandishi, mbele ya mwenye nyumba.

Kaka_Ruashi (saa 3:05 asubuhi)

Maandishi hayo yafanywe kwa vyovyote vile. Dada, chochote utakachochagua, mwandikie mwenye nyumba na umwombe akujibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: ni tundu moja, liko wapi, litazibwa na nani, na kisanduku ni cha kampuni. Ile karatasi ya hali ya nyumba mliyotia saini siku ya kuingia iongezewe mstari huo. Ndugu yetu wa Makomeno angekuwa nao, zile dola 40 zisingekatwa.

Mpangaji_Makomeno (saa 3:12 asubuhi)

Hapo nakuunga mkono. Ila kabla hajatoboa popote, na aijaribu laini ya simu. Aazime ruta kwa mtu siku mbili, ajaribu kadi za kampuni zote tatu, saa 2 asubuhi na tena saa 2 usiku, dirisha moja baada ya jingine. Kwangu hatua tano tu, kutoka jikoni hadi sebuleni, ziliongeza kasi mara mbili, kwa sababu sebule inatazama mnara.

Mgeni_wa_Mbeya (Jumapili, saa 10:20 jioni)

Habari za Jumapili. Nimefuata mlivyonielekeza. Niliazima ruta kwa mfanyakazi mwenzangu na nikaijaribu siku tatu. Asubuhi kadi mbili kati ya tatu zilinipitisha kwenye kikao bila kukatika; usiku zote zilikuwa nzito, lakini usiku sina kazi. Siku ya pili umeme ulikatika saa 1 na nusu asubuhi, nikaiunga ruta kwenye betri ya kuchajia simu, na kikao kikaisha salama. Shida ni gharama, kwani siku tatu hizo zilimaliza gigabaiti 11.

Mwenye nyumba amejibu kutoka Likasi kwamba anaruhusu tundu moja kwenye ukuta wa nyuma, ila litobolewe na fundi wake. Mpangaji mmoja amekubali kuchanga, mwingine bado. Watu wa fibra nao wamekuja kuangalia, wakasema waya unapita lakini kisanduku cha kwenye nguzo yetu kimejaa, hakina nafasi ya mteja mpya, na hawakunipa tarehe.

Fundi_Kampemba (saa 10:47 jioni)

Dada, walikuonyesha nguzo ipi: ile ya mbele ya lango, au ile ya kwenye kona? Mara nyingi nguzo moja ikijaa, inayofuata huwa na nafasi, na waya wa mita 80 unatosha kufika. Kesho asubuhi soma namba iliyopakwa rangi kwenye kila nguzo kuanzia langoni kwenu hadi barabara kubwa, uniandikie zote hapa.

Mgeni_wa_Mbeya (saa 10:55 jioni)

Walionyesha ya mbele ya lango tu. Kesho nitazisoma kabla ya kikao.