Chuo cha umma kimekataa kunionyesha faili langu la utumishi: haki yangu inaanzia wapi na inakoma wapi?

Mhadhiri wa Bonde ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya, ambacho naomba nisikitaje, na nimekitumikia kwa miaka kumi na mmoja. Niliomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, nikasailiwa na jopo la watu saba, na baada ya miezi minne nikapokea barua ya mistari mitatu inayosema kwamba ombi langu halikufaulu. Mwenzangu tuliyesailiwa naye siku ileile alipandishwa. Sina kinyongo naye. Nilichotaka ni kujua nilipungukiwa wapi, kwa hiyo nilimwandikia msajili anayesimamia watumishi nikiomba mambo yote kwa pamoja: faili langu zima, alama nilizopewa na kila mjumbe, ripoti za wasomi wa nje waliotathmini machapisho yangu, kumbukumbu za kikao, na vilevile wasifu na alama za yule mwenzangu.

Wiki sita zilipita kimya. Nilipokwenda mwenyewe masijala niliambiwa kwamba faili la mtumishi ni mali ya mwajiri na kwamba mtumishi haruhusiwi hata kulishika. Siku chache baadaye ikaja barua fupi kwamba ombi langu linahusu taarifa za siri za watu wengine na kwa sababu hiyo limekataliwa lote. Je, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inanihusu mimi niliye mtumishi wa chuo chenyewe, au ilitungiwa waandishi wa habari na wanaharakati? Na kama ninayo haki ya kuona faili langu, inakoma wapi?

Karani Mstaafu amejibu:

Mwalimu, pole. Nilifanya kazi katika masijala ya taasisi moja ya umma kwa zaidi ya miaka ishirini, na naomba nieleze yaliyomo kabatini kabla mawakili hawajafika. Watumishi wengi hudhani wana faili moja. Tulikokuwa sisi, kila mtumishi alikuwa na mawili: la wazi, lenye barua ya ajira, nakala za vyeti, fomu za likizo na barua za nyongeza ya mshahara, na la siri, lililotunzwa katika chumba kingine chini ya ufunguo wa afisa mmoja, lenye tathmini za wakuu wa idara, barua za onyo na malalamiko. Karatasi za jopo la usaili hazikuwamo katika lolote kati ya hayo. Zilikaa katika faili la kikao, ambalo hufunguliwa kwa jina la nafasi iliyotangazwa, si kwa jina la mtu. Ndiyo maana mtumishi anayeomba "faili langu" anaweza kuletewa faili halisi, lisilopunguzwa hata karatasi moja, na bado asione alichokuwa akikitafuta.

Ukipata nafasi ya kulisoma, tazama kwanza namba za karatasi. Kila karatasi inayoingia hupewa namba yake kwa wino, kwa mfuatano, na kila inapotajwa kwenye dokezo hutajwa kwa namba hiyo. Ukiona 41 kisha 44, usigombane na karani aliyekuletea. Andika kwamba 42 na 43 hazipo na uombe kwa barua maelezo ya zilikokwenda. Mara nyingi sababu ni ndogo, kwa mfano karatasi ilihamishiwa faili la siri na mtu akasahau kuacha alama mahali pake. Mara nyingine sababu si ndogo, na barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayokusaidia baadaye. Msomaji asiye na mazoea husoma barua zenyewe na kuyapuuza madokezo. Mimi ningekushauri uanze na madokezo, kwa sababu ndipo wakubwa huandikiana wanachokifikiri.

Kuhusu kimya cha wiki sita, sidhani kwamba kulikuwa na njama. Ombi la aina hii hushuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa msajili, likaenda kwa mwanasheria wa chuo, likarudi kwa msajili, na kila anayelishika anajua kwamba hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini alikataa kutoa karatasi. Ila umewarahisishia kazi. Ulipoweka jina la mwenzako katika barua ileile uliyoombea faili lako, uliwapa sentensi moja ya kukataa yote.

Wakili wa Nyali amejibu:

Naungana na Karani kwamba barua yako ilichanganya mambo, na nitaeleza kwa nini mchanganyiko huo una uzito kisheria.

Kwanza, swali lako la msingi. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na haitofautishi raia aliye mwandishi wa habari na raia anayelipwa mshahara na chuo kinachoombwa. Sheria ya 2016 inasema pia kwamba haki hiyo haiathiriwi na sababu anazotoa mwombaji wala na dhana ya taasisi kuhusu nia yake. Mahakama Kuu ilishikilia msimamo huo mwaka 2017 katika kesi ya Katiba Institute dhidi ya kitengo cha utekelezaji cha Rais, iliyohusu matangazo ya mafanikio ya serikali kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo chuo hakiwezi kukukatalia kwa kuwa unadhaniwa kujiandaa kwenda mahakamani.

Sasa utaratibu. Chini ya sheria hiyo afisa wa habari ni mtendaji mkuu wa taasisi, na katika chuo kikuu cha umma mtendaji mkuu ni Naibu Chansela, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Barua iandikwe kwake, kwa Kiingereza au Kiswahili, na isikataliwe kwa sababu tu hukujaza fomu ya chuo. Uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 21, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, iwapo habari ni nyingi au inabidi watu wengine waulizwe. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kunakili na kutuma. Ukikataliwa, unazo siku 30 tangu ulipoarifiwa uamuzi kupeleka maombi ya mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Tazama tarehe ya ile barua fupi leo hii, usingoje kesho.

Hata hivyo, kwa faili lako mwenyewe mlango huo si wa karibu zaidi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe ni mwenye data, yaani mtu ambaye taarifa zinamhusu, na chuo ni mdhibiti wa data hiyo, yaani anayeamua namna inavyotumika, na unayo haki ya kuifikia data yako iliyo mikononi mwake. Kanuni za 2021 zinakipa chuo siku saba za kutekeleza ombi hilo, bila malipo. Neno kwamba karatasi ni mali ya mwajiri linaweza kuwa kweli na lisibadilishe chochote, kwa kuwa haki hii inahusu yaliyoandikwa juu yako. Wakikataa, unalalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, si kwa Ombudsman. Na ukikuta jambo la uongo au la kupotosha, ibara hiyohiyo ya 35 inakupa haki ya kudai lisahihishwe au lifutwe.

Upo mlango wa tatu, ambao wahadhiri husahau. Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 inamruhusu aliyeathiriwa na uamuzi kuomba sababu za uamuzi huo na nyaraka zinazohusika. Mtoa uamuzi ana miezi mitatu ya kujibu, na asipotoa sababu, mahakama itakayopitia uamuzi itachukulia kwamba haukuwa na sababu nzuri hadi ithibitishwe vinginevyo. Miezi mitatu ni mirefu, lakini uzito wa kutojibu ni mkubwa.

Kuhusu mwenzako, Sheria ya 2016 inazuia kutolewa kwa habari inayoingilia faragha ya mtu mwingine pasipo sababu ya kutosha, isipokuwa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Vyeti vyake, anwani yake na tathmini zake za miaka iliyopita hutavipata, na sioni kwa nini uvitafute. Vigezo vilivyotumika, uzito wa kila kigezo, na jumla ya alama za walioitwa bila majina yao ni mambo mengine kabisa: hayo yanahusu namna fedha na madaraka ya umma yanavyotumika, na mimi ningeyaomba bila kusita.

Profesa Asiyetaka Cheo amejibu:

Nimekaa katika majopo mengi, na nina wasiwasi na pale Wakili alipopita haraka, yaani ripoti za wasomi wa nje. Msomi aliyeko chuo kingine huombwa kusoma machapisho ya mwombaji na kutoa maoni kwa sharti la kutotajwa. Halipwi kitu cha maana. Siku atakapojua kwamba ripoti yake itasomwa na yule aliyemtathmini, ambaye huenda wakakutana kwenye kongamano mwezi ujao, ataandika sifa tupu au atakataa kuandika, na mwishowe vyeo vitatolewa kwa kujuana zaidi kuliko sasa. Sisemi alama zifichwe. Alama za jopo ziwekwe wazi, tena mapema.

Wakili wa Nyali amejibu:

Profesa, hoja yako ina nguvu kwa jina, si kwa maneno. Maoni kwamba machapisho ya mtu fulani ni dhaifu ni taarifa zinazomhusu mtu huyo. Chuo kinaweza kuziba jina, anwani na nembo ya chuo cha mtathmini kwa wino mweusi na kutoa kilichobaki. Nakubali kwamba katika taaluma zenye watu wachache mwandishi atatambulika hata kwa mtindo wake, na hapo muhtasari ulioandikwa na ofisi unaweza kutosha. Nisichokikubali ni kwamba kwa kuwa aya moja ni ngumu kutoa, basi kurasa tisini nyingine nazo zifungiwe.

Mswahili wa Madison amejibu:

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninafanya kazi katika ofisi ya chuo cha umma katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na mjadala huu wa ripoti za siri umenikumbusha kwamba hapa suala hilo limeandikwa wazi. Sheria ya jimbo inamruhusu mfanyakazi kuangalia faili lake angalau mara mbili kwa mwaka, na mwajiri ana siku saba za kazi kumpa nafasi hiyo, lakini barua za wadhamini, yaani watu wanaoandika maoni yao juu ya mfanyakazi, zimeondolewa katika haki hiyo. Profesa angefurahi.

Upande wa pili hangeufurahia mtu anayependa usiri. Mshahara wa mwalimu wa chuo cha umma hapa ni jambo ambalo jirani yake anaweza kulisoma. Hata matokeo ya uchunguzi wa nidhamu yanaweza kutolewa kwa mwombaji, ila mhusika lazima aarifiwe kwanza: ana siku tano za kutoa notisi kwamba ataomba zuio, na siku kumi tangu aarifiwe za kufungua shauri. Mwaka 2011 chama cha Republican cha jimbo kiliomba barua pepe za William Cronon, profesa wa historia katika chuo kikuu kilichopo Madison, baada ya profesa huyo kuandika makala ya kuhoji siasa za jimbo. Chuo kilitoa baadhi na kuzuia nyingine, zikiwemo zilizohusu wanafunzi, masuala ya watumishi na mazungumzo ya kitaaluma baina ya wasomi, na kikaeleza kwa maandishi kila kundi limezuiwa kwa nini. Mhadhiri wa Bonde, ile barua yako fupi haikupanga makundi. Hilo peke yake lingetosha kuwa hoja yako ya kwanza mbele ya Ombudsman.

Mwalimu wa Morogoro amejibu:

Kwa upande wetu Tanzania nitasema machache. Tuliozoea utumishi wa zamani tunakumbuka taarifa ya siri ya mwaka, ambayo mkuu wako aliijaza na wewe hukuiona. Ilipoondolewa mwaka 2004 na kuletwa OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mtumishi alianza kukaa na msimamizi wake, kukubaliana malengo na kutia saini. Utekelezaji ulikuwa na upungufu wake, lakini mtu anayetia saini tathmini yake kila mwaka hana haja ya kuandika barua sita kuuliza kilichoandikwa. Muulize mkuu wa idara yako kama fomu zako za tathmini zina saini yako. Kama hazina, ombi lako lina pa kuanzia hata kabla ya kugusa jopo.

Mhadhiri wa Bonde amerudi:

Nawashukuru sana. Barua ya kukataliwa ilikuwa na siku 23, kwa hiyo maombi ya mapitio yameshafika kwa Tume, yakihusu vigezo, uzito wake na alama zisizo na majina. Kwa Naibu Chansela nimepeleka barua mbili mbalimbali, kila moja na muhuri wake: ya kwanza yaomba data yangu chini ya sheria ya 2019, ikitaja faili la wazi, la siri na karatasi zinazonihusu katika faili la kikao, na ya pili yaomba sababu za uamuzi. Jina la mwenzangu halimo katika yoyote.

Jana nilipigiwa simu nikalisome faili la wazi, mbele ya afisa. Nilianza na madokezo kama Karani alivyonielekeza. Fomu ya tathmini ya 2021 ina saini ya mkuu wa idara na nafasi ya saini yangu ni tupu; nyingine zote nilitia saini. Namba 67 haipo, na dokezo linaitaja kuwa ni orodha ya machapisho yaliyotumwa kwa wasomi wa nje. Afisa alinakili namba hiyo katika daftari lake mbele yangu, na leo asubuhi nimeiandikia barua.