Kucha na kushuka Mweka

Wakuu, naenda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, siku 8. Eti kucha hung'oka wakati wa kushuka, si kupanda?

— Ndiyo. Toka Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka vidole vinagonga ncha ya kiatu njia nzima. Kata kucha siku mbili tatu kabla, kiatu kizidi nusu saizi, na kabla ya kushuka kaza kamba pale kifundoni, mguu usiteleze mbele.

— Ongezea maji. Usiku wa kilele mrija wa mfuko wa maji huganda mapema. Beba chupa, ipindue ndani ya soksi nene: barafu huanzia juu, mdomo unabaki wazi. Soksi safi lakini, jamani!

— Betri za tochi zikae mfuko wa ndani.