Siku nane Oman mwezi wa Januari: twende wapi, tuache wapi?

Fundi wa Igombe:

Mwangaluka wana Mwanza, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, huu ni mwaka wa 31. Binti yangu anafanya kazi Muscat, ametukatia tiketi mimi na mama yake, siku nane, mwezi wa Januari. Atachukua likizo atuendeshe. Kasema tuchague wenyewe pa kwenda, na hapo ndipo tulipokwama.

Mama watoto anataka jangwa. Amezaliwa Kayenze, mchanga alioukanyaga maisha yake yote una maji pembeni, sasa anataka kuona mchanga mtupu hadi macho yanapoishia. Mimi nataka miji ya zamani, na zaidi ya yote Sur. Marehemu baba, akinifundisha kushika tezo, alikuwa akiniambia kwamba majahazi makubwa ya Waarabu yaliundwa huko. Jirani yetu anatusukumia Salalah, kasikia kuna milima ya kijani na ukungu. Magoti ya mama watoto hayapandi ngazi nyingi, na mimi sitaki safari ya kushinda garini. Aliyefika anisaidie: kipi kiachwe?

Mama Nyegezi:

Marahaba fundi. Nilikaa Muscat miaka sita nikipika kwenye nyumba ya watu, na siku za mapumziko nilitembea sana. Nakujibu kwa moyo wote kwa sababu nchi ile naipenda.

Salalah iacheni. Kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000, yaani Mwanza mpaka karibu ufike Dar. Na ule ukungu na kijani huja na pepo za kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Januari mtakuta vilima vimeshakauka. Jirani hakukosea kusifu, mwezi tu ndio si wake.

Nizwa nendeni, na mlale huko Alhamisi. Ni kama kilomita 160, hesabu Mwanza na Shinyanga, barabara nzuri mwanzo hadi mwisho. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka duara na mbuzi wao kwenye kamba, wengine wamembeba mwanambuzi kifuani, na wewe mnunuzi unamshika anayepita, unampapasa mbuzi mgongo, unamfungua mdomo kuangalia meno. Mtu wa mnada wa ng'ombe kwetu Usukumani hahitaji mkalimani pale. Saa tatu wengi wameshaondoka, kwa hiyo msilale.

Ngome ya Nizwa ilijengwa karne ya 17, baada ya Wareno kutimuliwa Muscat mwaka 1650. Mnara wake ni mduara mpana ajabu, ila ngazi za ndani ni nyembamba, na juu yake kuna matundu ambayo walinzi waliyatumia kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Mama watoto abaki chini, kuna ua na vyumba vya kutosha kuangalia. Halafu mpelekeni kwenye falaji, mfereji unaoleta maji ya chini ya ardhi mpaka mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha jua. Mimi niliyekulia kando ya ziwa, nilisimama pale nikayatazama yale maji kidogo yanavyoheshimiwa, machozi yakanilenga.

Jangwa: usiku mmoja unatosha. Bebeni masweta mazito, Januari usiku mchanga unapoa vibaya.

Kijana wa Kirumba:

Mimi ningesema mkae Muscat tu. Soko la Mutrah, msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, bahari. Zulia la ukumbi wa sala ni moja tu, linafunika sakafu nzima, tani 21. Kuhama hama na wazee ni kuwachosha.

Mama Nyegezi:

Mwanangu, msikiti wataingia, siku moja inawatosha. Na Mutrah, fundi, usishangae mzee wa kanzu na kofia akikuitikia kwa Kiswahili cha Unguja. Wapo wengi waliozaliwa huko.

Mjukuu wa Ibra, Nansio:

Shikamoo fundi. Babu zangu walitoka Ibra, huko huko Oman, wakapita Tabora ndipo wakafika Ukerewe. Nimekwenda mara mbili. Nyongeza yangu ni moja: usikubali Sur iachwe.

Toka Nizwa mnakatiza mashariki hadi Bidiyah, pale ndipo mlango wa mchanga. Magari ya kambi za jangwani mnakolala yanawapokea, binti asijaribu na gari dogo. Wanapunguza upepo wa tairi kwanza ndipo wanaingia. Asubuhi yake mnashuka Sur, kisha mnarudi Muscat kwa barabara ya pwani, kama kilomita 200, pungufu kidogo ya Mwanza na Musoma.

Sur kuna karakana ya majahazi hadi leo, ingawa boti za faiba zimewapunguzia kazi kama ilivyo kwetu. Wao wanafunga mbao za ubavu kwanza, mataruma, yaani mbavu za ndani, yanafuata, na jicho la fundi ndilo linalotoa umbo. Mbao ni msaji wa kutoka India. Lipo jahazi la mwaka 1951 liitwalo Fatah al-Khair, limeundwa hapo hapo, sasa limepandishwa nchi kavu. Unaweza kulizunguka ukaona mkuku wote, ule mti mkuu wa chini, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, ilivyochongwa nakshi. Na kwenye nyumba za zamani uangalie dari: boriti nyingi ni mikoko iliyosafirishwa kutoka pwani yetu, Rufiji na Lamu.

Fundi wa Igombe:

Marahaba kijana wangu, na asante sana Mama Nyegezi. Nimemsomea mama watoto yote, kakubali usiku mmoja wa mchanga. Muscat siku mbili za mwanzo, Nizwa Alhamisi na Ijumaa, Bidiyah, halafu Sur nimeomba siku mbili nzima. Salalah tumeiacha.

Kwa hiyo wao mbao kwanza, mataruma baadaye. Marehemu baba alinifundisha hivyo hivyo. Nimekata kipande cha mvule, shibiri moja, nimekipiga randa. Nitakwenda nacho nimpe fundi wa huko akishike.