Brashi ya umeme ya kunyoosha nywele ngumu za asili: nichague ipi, na joto kiasi gani?

Kipilipili_Dar

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wanaovielewa hivi vifaa. Nywele ni za asili, kipilipili cha kujikunja hasa, hazina dawa wala rangi. Zikivutwa zinagusa mabega. Nataka brashi ya umeme badala ya pasi ya nywele, maana pasi inazilaza mno na mimi nataka zinyooke zikiwa na ujazo wake.

Madukani kuna aina mbili: ile pana yenye meno mengi mafupi, na ile nyembamba iliyokaa kama chanuo, yenye safu chache za meno marefu. Moja imeandikwa 230°C, nyingine 450°F, na kila muuzaji anasema yake ndiyo yenye moto zaidi. Umbo lipi linafaa? Niweke joto gani? Na je, naweza kuipitisha nywele zikiwa bado na unyevu ili niepuke draya?

Msusi_wa_Ilala

Karibu dada. Hizo namba mbili ni joto lilelile, 450°F ni kama 232°C. Hakuna iliyomzidi mwenzake, na wewe hutahitaji hata kukaribia hapo.

Chukua ile ya umbo la chanuo. Kwenye nywele nzito, meno mafupi yanaelea juu: safu ya nje inapata moto mara tano, mizizi haijaguswa. Ukiwa dukani angalia meno kwa karibu. Yawe ya chuma yaliyopakwa seramiki na yapate moto yenyewe. Ziko brashi ambazo meno ni plastiki tupu na joto limebaki kwenye kitako, hizo kwa kipilipili hazifanyi kazi. Kila jino liwe na kofia ndogo isiyoshika moto kwenye ncha, na ujaribu kuzivuta kwa kucha. Zilizogundishwa ovyo hung'oka, na jino lililobaki uchi linachoma ngozi ya kichwa. Halafu iwe na hatua za kupandisha na kushusha joto. Yenye kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima iache hapohapo.

Kuhusu unyevu: hapana, na hili nalisisitiza. Maji yaliyo ndani ya unywele yanachemka, yanageuka mvuke na kutafuta pa kutokea, yanaacha vipovu ndani ya unywele wenyewe. Unakatika pale penye kipovu, siku au wiki kadhaa baadaye, na mtu anailaumu shampuu.

Kazi kubwa ya kunyoosha inatakiwa iishe kabla hujachomeka brashi. Nywele hukaa katika umbo zilimokaukia, kwa hiyo zikaushe zikiwa zimevutwa. Kama hutaki draya, njia ni ya bibi zetu: osha, weka kondishena dakika 20 hadi 30 chini ya mfuko wa plastiki, suuza, paka kinga ya joto zikiwa mbichi, gawa mafungu 10 hadi 12, kisha zungushia uzi mweusi kuanzia mzizi hadi ncha. Usikaze hadi ngozi ya kichwa iume. Acha zikauke kabisa, kwa nywele nzito huenda ikawa usiku mzima na asubuhi yake. Ukifungua, umeshapata zaidi ya nusu ya mnyoosho bila moto wowote.

Hapo ndipo brashi inaingia. Weka 180°C. Anzia kisogoni, fungu lenye upana wa vidole viwili na wembamba wa kuona meno yakitokeza upande wa pili. Lichambue kwanza kwa chanuo la kawaida hadi lisiwe na fundo hata moja. Ingiza brashi kutokea chini, karibu na mzizi lakini usikandamize, subiri sekunde 2, kisha shuka taratibu bila kusimama huku mkono wa pili umeshika ncha na kuvuta. Mara 2 zinatosha, 3 ndiyo mwisho. Fungu likiisha liache lipoe limenyooka kabla ya kulibana au kulikunja, kwa sababu umbo linashika wakati wa kupoa.

Sikio_la_Moto

Nakubaliana na mengi ila 180 kwa kipilipili ni ndogo. 210 inamaliza kwa mpito mmoja. Kupitisha mara tatu kwa joto dogo si ndiko kuchoma zaidi?

Msusi_wa_Ilala

Hoja yako ina msingi, joto hujumlishwa kwa mipito. Lakini ukiona 180 haifanyi kazi, tafuta kwanza moja ya haya matatu: fungu ni nene, nywele hazijakauka ndani, au brashi haijashika moto. Kioo cha brashi nyingi za bei nafuu kinaonyesha joto uliloomba, si joto lililopo. Subiri dakika 3 zaidi baada ya namba kutulia. Na fungu nene linapoza meno njiani, ndiyo maana mzizi unanyooka na ncha inabaki imejikunja. Punguza fungu nusu. Ukishayasahihisha yote na bado, panda hadi 190, ujaribu kwenye fungu moja la nyuma. Zaidi ya 200 sipeleki nywele za mtu, keratini yenyewe, yaani protini inayounda unywele, inaanza kuharibika na hairudi.

Wenye dawa au rangi wabaki 150 hadi 160. Kwa mwenye dawa ambaye mizizi imeshaota, pale nywele mpya zinapokutana na za zamani ndipo dhaifu kuliko kote. Usivute kwa nguvu hapo. Na za pembeni ya uso, hata kama hazina dawa, ziishie 150 na mpito mmoja.

Fundi_Volti

Naongeza upande wa umeme. Geuza brashi usome maandishi madogo kwenye mpini au plagi. Yakisema 100–240V, 50/60Hz, umesalimika. Yakisema 120V peke yake, hiyo ni ya soko la Marekani. Ukiichomeka kwenye 230V yetu inavuta nguvu karibu mara 4 ya iliyokusudiwa na inaweza kuungua au kuwaka. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, volti inaziacha zilivyo. Watu wanaoletewa vifaa na ndugu walioko huko wananaswa na kosa hili kila siku.

Matumizi ni madogo: brashi ya wati 50 kwa saa nzima inakula uniti 0.05 ya luku. Draya ya wati 2000 kwa nusu saa inakula uniti nzima. Tafuta pia inayojizima yenyewe baada ya dakika 30 au 60, na waya unaozunguka kwenye mpini, maana waya hukatika ndani hapohapo shingoni. Usiuviringishe kwenye brashi ikiwa bado ya moto.

Kipilipili_Dar

Asanteni sana, nimeelewa. Mawili ya mwisho: kukitoka kitu cheupe kama moshi wakati wa kupitisha, nitajuaje kama naziunguza? Na mafuta ya nazi yanatosha kuwa kinga?

Msusi_wa_Ilala

Tumia pua. Kitu cheupe kinachopotea mara moja bila harufu, huku fungu likisikika "chii", ni mvuke: nywele bado mbichi, zima brashi ukazikaushe. Harufu ya mafuta yaliyoungua ni ya ulichopaka, umezidisha. Harufu ya manyoya yaliyochomwa ni nywele zenyewe, acha papo hapo.

Mafuta ya nazi hayatoshi. Ni mazuri kabla ya kuosha, lakini chini ya meno ya moto yanatoa moshi na kuganda. Tafuta kinga yenye silikoni, kwenye orodha ya viungo utaona dimethicone, na upake kidogo, kiasi cha punje ya njegere kwa kila robo ya kichwa. Ile tope ya kahawia katikati ya meno ni mafuta yaliyoungua, inazuia joto na kunata kwenye nywele. Kila baada ya matumizi chomoa, acha ipoe kabisa, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usiitumbukize majini.

Kwa hali ya hewa ya Dar, unyevu utazirudisha ndani ya siku chache hata ukifunga kilemba cha satini kila usiku. Zikianza kujikunja mizizi, usirudie brashi. Zibane, au suka mabutu makubwa. Kipindi kizima cha moto kiwe mara moja kwa mwezi. Wigi na rasta za plastiki usizipitishie kabisa, zinayeyukia kwenye meno.

Siku ya kuosha, lowesha kichwa chote na uangalie fungu kwa fungu kabla ya kupaka chochote. Zikijikunja zote kama zamani, joto lako lilikuwa sahihi. Fungu litakalobaki limenyooka likiwa limelowa chapachapa limeshaungua, na hilo haliponi kwa kondishena, linakatwa. Shusha nyuzi 10 safari inayofuata.