Bekapu ya baiti 20, halafu programu inasema "imekamilika"!

Wakuu, sijalala na hasira zimenikaba kooni. Jana nilitaka kurejesha databesi kwenye seva ya majaribio. Kufungua folda ya bekapu, nakuta mafaili ya siku 11 mfululizo, kila moja lina baiti 20. Baiti 20! Anayeijua gzip, ile ya kubana mafaili, anajua maana yake: imebana kitu kisichokuwepo, likabaki ganda tupu. Na logi ya kila usiku imeandika "Bekapu imekamilika".

Nikaanza kufukua. Kumbe sasisho la karibuni la programu yetu ya bekapu limeacha kutumia pg_dump (chombo cha kutoa nakala ya databesi ya PostgreSQL) iliyopo kwenye mashine, limekuja na yake ya toleo la 15. Seva yetu ni PostgreSQL 16. pg_dump haidampi seva yenye toleo kuu jipya kuliko lake. Inakataa papo hapo, tena kwa ujumbe unaoeleweka. Haina kosa hata kidogo.

Kosa ni la aliyegusa skripti. Zamani dampo liliandikwa kwanza kwenye faili, programu ikaangalia kama pg_dump imerudisha 0, yaani imefaulu, ndipo ikabana. Sasa wameunganisha moja kwa moja, linalotoka pg_dump liingie gzip: pg_dump | gzip. Kwenye Bash, inayoendesha skripti, amri zikiunganishwa hivyo, jibu linalohesabika ni la amri ya mwisho, labda uwe umeweka set -o pipefail, ili amri yoyote ikifeli, zote zihesabike zimefeli. Hawakuweka! Basi pg_dump inakufa, gzip inabana hewa na kurudisha 0, sisi tunaambiwa tulale salama.

Nimewaripotia watengenezaji wa programu. Wamenijibu "tumia pg_dump mpya", wakafunga tiketi. Jamani, na siku nywila ikibadilika je? Au diski ya seva ikigoma katikati? Itaandika "imekamilika" vilevile!

Na hili si geni. 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, walifuta data zao kwa bahati mbaya, kukimbilia bekapu wakakuta patupu: pg_dump ya 9.2 ilikuwa ikifeli mbele ya PostgreSQL 9.6, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Walieleza kila kitu hadharani. Mtu anayeandika programu ya bekapu anakosaje kulijua hilo?

Kama umesasisha programu ya bekapu karibuni, piga ls -l kwenye folda yako uone ukubwa wa mafaili sasa hivi, usingoje kesho. Mimi nimeweka pipefail kwa mkono na kuielekeza programu kwenye pg_dump ya 16. Faili limefika GB 3 na bado linakua.