Mafunzo ya kuchambua kuanguka kwa mabwawa ya tope la migodini: kozi ya Arusha, ya mtandaoni, au warsha kwenye bwawa lenyewe?

MhandisiTengeru

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijapeleka fomu ya mafunzo kwa HR. Nafanya kazi mgodini Kanda ya Ziwa kwa zamu, familia iko Arusha, na mwaka huu nimekabidhiwa bwawa la tope linalotoka kiwandani. Fani yangu ni ujenzi. Mabwawa ya maji nayafahamu kiasi, lakini kuchambua njia ambazo bwawa la mabaki, yaani hilo tope la mawe yaliyosagwa, linaweza kuanguka sijawahi kufundishwa rasmi.

Mwajiri atalipia kitu kimoja tu. Kuna kozi ya siku tatu hapa Arusha, hotelini, inayofundisha FMEA (njia ya kuorodhesha namna kitu kinavyoweza kuharibika na madhara yake) kwa sekta zote, unatoka na cheti. Kuna ya mtandaoni ya wiki kadhaa, walimu wako Kanada na Australia, vipindi usiku kwa saa zetu. Na kuna kumleta mwezeshaji mgodini, tukae naye siku chache tuchambue bwawa letu lenyewe. Hii ya mwisho ndiyo ghali, na bosi anasema huo ni ushauri wa kitaalamu, si mafunzo.

Mimi naegemea hiyo ya mwisho. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi Mwadui ulipasuka, tope likaenda hadi kwenye mashamba na nyumba za watu. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Ila tangu siku ile siwezi tena kusema haya ni mambo ya Brazil. Nataka nikisimama juu ya tuta nijue natafuta nini.

KiboTopo

Ya hotelini achana nayo, mkuu. Niliwahi kukaa kwenye kozi ya aina hiyo. Mwezeshaji alikuwa mwalimu mzuri, ila mifano yake yote ilikuwa ya pampu na mikanda ya mitambo. FMEA ilizaliwa huko, kwenye vifaa vinavyoharibika mara nyingi kiasi cha kuhesabika. Unaipa kila hitilafu alama ya ukali, ya uwezekano na ya ugumu wa kuigundua, unazidisha, unapanga kuanzia kubwa.

Jaribu kwenye bwawa. Tuta kuanguka: ukali 10, uwezekano 1, kugundua 4, zao 40. Bomba la tope kuvuja kwenye kiungo: ukali 4, uwezekano 6, kugundua 3, zao 72. Orodha inakwambia shughulika na bomba kwanza, na tuta linashuka ukurasa wa pili ambako hakuna anayefika. Kijiji kiko chini ya tuta, si chini ya kiungo cha bomba.

Fundi_CPD

Nampinga KiboTopo kidogo. Kozi ya hotelini ina kazi yake. Wengi wetu tunahitaji pointi za CPD (mafunzo endelevu ya taaluma) kwa ajili ya ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na ukienda kuomba kazi kwingine cheti kinasomwa kabla hujafungua mdomo. Halafu siku tatu za kukaa na watu wa migodi mingine zinakupa namba za simu ambazo kozi ya mtandaoni haikupi. Kwa kijana anayeanza, asiye na bwawa la kusimamia, ningesema aende. Kwa MhandisiTengeru aliyekwisha kukabidhiwa bwawa, hapo nakubali haitoshi.

BiMaji_Moshi

Mwanangu MhandisiTengeru, hongera kwa jukumu. Mimi nimestaafu, maisha yangu ya kazi yalikuwa mabwawa ya maji huku Bonde la Pangani. Nikuambie tofauti moja ambayo mafunzo yoyote utakayochagua lazima yaigusie. Bwawa kama Nyumba ya Mungu lilijengwa, likakamilika, likakabidhiwa. Bwawa lako halikamiliki. Linapandishwa mwaka hadi mwaka kadiri kiwanda kinavyosaga mawe, na mhandisi wa leo anajenga juu ya kazi ya mwenzake aliyeondoka zamani. Uchambuzi wa mwaka juzi ulikuwa wa bwawa lingine kabisa.

Ndiyo maana nami nauunga mkono uchambuzi wa pale pale, kwenye bwawa lenyewe. Na hautoshi ukiandika "kuvuja" kwenye kisanduku ukaendelea na kisanduku kingine. Andika mnyororo mzima. Masika imekuwa nzito. Upande wa mashariki mabomba ya kumwaga tope yamefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo kidimbwi cha maji kilicho juu ya tope kimesogea upande huo. Ufukwe wa mchanga kati ya maji na ukuta umekuwa mwembamba. Maji ndani ya tuta yamepanda. Yanatokea mguuni mwa tuta na kubeba chembe. Chembe zikiendelea kutoka, ndani panatoboka kurudi nyuma kuelekea kidimbwini. Baada ya hapo sehemu ya juu inazama na maji yanapita juu yake.

Sasa kila hatua iulizeni: kwetu kuna ushahidi gani kwamba inaweza kutokea, kuna ushahidi gani kwamba haiwezi, nani angeiona kwanza, na ana mamlaka gani ya kuchukua hatua usiku huo huo? Ukikuta maji yanatoka mguuni mwa tuta, yachote kwenye chupa inayoonyesha ndani, iweke chini itulie. Chupa ikibaki safi, pima kasi ya maji uandike. Ukiona mchanga umetuama chini, hiyo ni simu ya saa ile ile, usingoje ripoti ya wiki.

Merriespruit kule Afrika Kusini, 22 Februari 1994, watu 17 walikufa baada ya mvua ya jioni kukuta bwawa halina nafasi ya kutosha juu ya maji, na kidimbwi kimehama kutoka kwenye mnara wa kutolea maji. Kidimbwi kilichohama kinaonekana kwa macho.

Geo_Njiro

Shikamoo Bi Maji. Maelezo yako ya mnyororo ningeyachapisha niyabandike ofisini.

MhandisiTengeru, mimi nakubaliana na wewe nusu. Warsha kwenye bwawa lako itakuwa na maana kama chumbani kuna mtu anayeelewa tabia ya lile tope. Bila huyo, mtakaa watu wazima kumi na wawili mkikisia.

Chukua Brumadinho kule Brazil, 25 Januari 2019. Lile bwawa lilikuwa limeacha kupokea tope tangu 2016. Lilikuwa na pizomita (za kupima shinikizo la maji ndani ya tuta), inklinomita (za kupima kujongea kwa tuta), mpaka rada ya kufuatilia uso wa tuta. Jopo la wataalamu lililochunguza baadaye halikukuta kwenye vipimo vile dalili ya kutangulia. Tuta lilikatika ndani ya sekunde chache, na mita za ujazo milioni 9.7, kama robo tatu ya kilichokuwemo, zikatoka kwa muda usiofika dakika tano. Watu 270 walikufa, wengi wakiwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Jopo lilieleza kwamba mabaki yalikuwa legevu, yamejaa maji, na ya aina inayopoteza nguvu ghafla. Kulikuwa na kujongea kidogo kidogo ndani ya tuta chini ya mzigo ule ule, na mvua kubwa ikapunguza nguvu ya udongo wa juu uliokuwa haujajaa maji. Hakukuhitajika tetemeko la ardhi.

Sasa fikiria mko kwenye warsha, mwezeshaji anauliza hili tutaligundua vipi. Kila mtu atajibu "pizomita". Kwa tope la namna hiyo jibu hilo linaua watu, kwa sababu linawapa imani ya muda wa kukimbia ambao haupo. Inabidi awepo mtu wa kusema: njia hii ya kuanguka hatuipi alama ya kugundulika hata moja, tunaiondoa kwa kujenga kitako cha kuegemeza tuta au kwa kushusha maji ya ndani.

Hapo ndipo kozi ya mtandaoni inapojilipa. Ila kagua mtaala kabla ya kulipa. Kama haifundishi kusoma matokeo ya kipimo cha koni (koni inayosukumwa ardhini kupima nguvu ya tope), kutofautisha tope linalotanuka na linalosinyaa likikatwa, na kuchagua nguvu ya udongo pale maji yanapokosa muda wa kutoka, basi unanunua video za historia. Uliza pia kama mnapewa bwawa la mfano lenye michoro na vipimo, mkalichambua na mwalimu akasahihisha.

Na kuna vya bure ambavyo watu hawavigusi. Ripoti za majopo yaliyochunguza kuanguka kwa mabwawa ya Mount Polley kule Kanada 2014, Fundão kule Brazil 2015 na hilo la Brumadinho ziko wazi mtandaoni. Anza na Fundão. Mpango ulikuwa ufukwe wa mita 200 kuzuia tope laini lisifike karibu na tuta. Ufukwe haukuheshimiwa, tope laini likalala mahali palipopaswa kuwa na mchanga, kisha mstari wa tuta upande wa kushoto ukarudishwa nyuma, juu ya lile tope. Watu 19 walikufa. Soma ukiwa na karatasi, uandike mnyororo kama alivyoeleza Bi Maji. Miongozo ya Bureau of Reclamation ya Marekani ya kuchambua hatari za mabwawa nayo ni bure.

Mwanaapolo_Mererani

Sisi huku hatuna bwawa kubwa, tuna marundo ya vifusi vya mashimoni. Hayo nayo yanahusika kwenye mafunzo haya au ni mabwawa tu?

Geo_Njiro

Yanahusika sana, kaka. Aberfan kule Wales, 21 Oktoba 1966, halikuwa bwawa. Lilikuwa rundo la mabaki ya makaa ya mawe lililowekwa juu ya chemchemi. Lilishuka likafunika shule: watu 144, na 116 kati yao watoto. Kwa hiyo swali la kwanza kwa rundo lenu ni maji yanapita wapi chini yake. Katesh Desemba 2023 ilikuwa mlima na si mgodi, lakini kila aliyeona lile tope la Hanang anajua halimsubiri mtu.

MhandisiTengeru

Asanteni sana. Geo_Njiro umenivuruga kwa faida. Naona sasa nahitaji vyote viwili, na bosi ametoa nafasi ya kimoja. Namwambiaje?

Geo_Njiro

Usiombe warsha kwenye bajeti ya mafunzo. Kama mgodi wenu unafuata GISTM, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia mabwawa ya tope la migodini kilichotolewa Agosti 2020, kinataka tathmini ya hatari ifanywe na timu ya fani mbalimbali na kurudiwa angalau kila miaka mitatu, au mapema zaidi kukiwa na badiliko kubwa. Kupandisha tuta ni badiliko kubwa. Kwa hiyo warsha ni gharama ya kuendesha bwawa, iende kwenye fungu la uendeshaji, nawe uingie kama katibu wa kikao. Katibu ndiye anayejifunza kuliko wote, maana anaandika kila mnyororo. Fungu la mafunzo ombea kozi ya mtandaoni, uimalize kabla mwezeshaji hajafika.

KiboTopo

Hili la katibu ni kweli kabisa.

BiMaji_Moshi

Na ukiandaa orodha ya wanaoingia chumbani, mwanangu, usiishie kwa wahandisi. Mwite anayehamisha mabomba ya tope, mwite wa zamu ya usiku ya pampu, na mlinzi anayezunguka tuta. Wakae siku ya kwanza, kabla wakubwa hawajazungumza, waulizwe wamewahi kuona nini ambacho hakikuandikwa. Waulizwe kwa Kiswahili, na majibu yao yaingie kwenye kumbukumbu kama walivyoyasema.

MhandisiTengeru

Nimeelewa, mama. Orodha naiandika leo, barua ya fungu la uendeshaji inatoka Jumatatu. Mwenye mtaala wa kozi ya mtandaoni unaotimiza aliyoyataja Geo_Njiro anitumie PM.