Mjadala: Mtafiti wa tabaka za sumaku alazimike kuahidi tiba ndipo apewe fedha za umma?

MLETA MADA
Wakuu, niseme mapema upande niliosimama ili tusizungukane. Soma maombi ya ruzuku ya watu wanaorundika tabaka nyembamba za sumaku: aya ya kwanza ni saratani, fizikia yenyewe utaikuta mbele huko imejibanza. Siwalaumu sana. Fomu inawauliza jamii itanufaikaje, na mwenye njaa ya mashine atajibu lolote.

Mwaka 1988 wanafizikia wawili, Albert Fert kule Ufaransa na Peter Grünberg kule Ujerumani, kila mmoja na kikundi chake, walipanga chuma na kromi kwa zamu, kromi ikiwa na unene wa karibu nanomita 1, yaani atomi chache tu. Tabaka za chuma zikielekeza sumaku zao kinyume, umeme unapita kwa taabu. Zikigeuzwa zote upande mmoja, ukinzani unaporomoka. Kwenye sampuli za Fert, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ulishuka karibu nusu. Mwaka 1997 vichwa vya kusomea diski za kompyuta kwa kanuni hiyo vikaingia sokoni, na 2007 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Leo vihisi vya ukoo huohuo vinajaribiwa kutafuta protini za ugonjwa kwenye damu.

Msimamo wangu: wapewe fedha kwa ubora wa swali lao, na neno "tiba" lifutwe kwenye fomu. Karibuni mnipinge.

MLIPAKODI
Umetuonyesha tiketi iliyoshinda. Zile zilizochanwa ziko wapi? Fedha ya umma ina foleni, mkuu, na kwenye foleni hiyo kuna watu wanaosubiri dawa ambazo tayari zipo. Mtu akitaka kucheza na atomi, si vibaya aulizwe za nini.

WA MAABARA
Nafanya kazi hii, kwa hiyo mnichukulie kama shahidi mwenye maslahi. Kipande cha silikoni cha ukubwa wa ukucha kinawekwa ndani ya chungu cha chuma, hewa inanyonywa mpaka karibu isibaki kitu, kisha tunaingiza gesi ya argoni kidogo na kuwasha umeme. Unaona mwanga wa zambarau kwenye kidirisha. Hiyo argoni inalibomoa bamba la madini, kobalti au chuma, atomi kwa atomi, na atomi zinatua kwenye silikoni. Sekunde chache zikizidi, tabaka la kati linanenepa kuliko ulivyotaka na siku nzima imeliwa.

Kwa upande wa damu, kihisi hakisomi ugonjwa moja kwa moja. Unapaka kingamwili juu yake, zinanasa protini unayoitafuta, halafu unaleta vichembe vya sumaku vilivyobeba kingamwili nyingine vikang'ang'ania hapohapo. Sumaku yao ndogo inabadilisha ukinzani, wewe unasoma namba. Uzuri wake ni kwamba damu yenyewe karibu haina sumaku ya kukuvuruga, wakati mbinu za mwanga zinasumbuliwa na rangi yake. Hiki kitu kinafanya kazi mezani. Ila kukitoa mezani kukipeleka kwa mgonjwa ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ruzuku ya "ugunduzi" haiilipii.

MUUGUZI
Hapo mwisho umenena. Mimi nauguza watu, siuguzi sampuli. Ulaya waliruhusu mwaka 2010 tiba ya uvimbe wa ubongo kwa kudunga vichembe vya oksidi ya chuma na kuvipasha moto kwa sumaku inayogeuka-geuka. Nzuri masikioni. Lakini chuma chochote kilicho karibu na eneo la tiba kilipaswa kuondolewa kwanza, hata meno yaliyozibwa kwa madini, na baada ya hapo picha za MRI za sehemu ile zinavurugwa na vichembe vilivyobaki. Haya mgonjwa huyajua akishafika kitandani.

Mwaka huohuo nyonga bandia za aina moja, zile za madini kusuguana na madini, ziliondolewa sokoni duniani kote. Kobalti na kromi zilikuwa zinasagika na kuingia mwilini. Kobalti, mnasikia? Ndiyo hiyo mnayoipaka kwenye tabaka zenu. Ahadi ni deni, na deni hili analipa mwingine.

MLETA MADA
Dada, hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyonipinga. Aliyelazimishwa kusema "tiba" siku ya kwanza ndiye anayeharakisha. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, akatumia kifaa cha madini ya titani. Alipotaka kukitoa, mfupa ulikuwa umekishika. Meno bandia ya kwanza ya kupandikizwa kwa njia hiyo yalikuja 1965, na utafiti wake haukuanzia kwenye meno.

MUUGUZI
Sikupingi kuhusu udadisi. Napinga kufuta neno. Ukilifuta kwenye fomu, swali la sumu nalo linafutika, kwa sababu hakuna atakayemuuliza mtu wa fizikia.

MLIPAKODI
Naungana na muuguzi, jambo ambalo sikulitarajia.

WA MAABARA
Kuna watafiti wa Marekani waliotengeneza visahani vya chuma na nikeli vilivyofunikwa dhahabu, wakavitikisa kwa sumaku mara 10 hadi 20 kwa sekunde, kwa dakika 10, na seli nyingi za saratani zikafa. Kwenye sahani ya maabara, si kwa mtu. Kila nikionyesha kazi ile naulizwa nguvu ya sumaku ilikuwa kiasi gani. Bado sijaulizwa hata mara moja nikeli itakwenda wapi dhahabu ikipasuka.

MLETA MADA
Basi nabadilisha nusu ya hoja yangu. Tiba isidaiwe, ila anayeitaja mwenyewe aeleze kwenye ukurasa uleule madini yake yataishia wapi mwilini. Wa maabara, wewe ungejibu nini?

WA MAABARA
Ningeacha mstari wazi. Nina sampuli iliyokaa wiki 3 kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, na tangu juzi kingo zake zimeanza kupoteza mng'ao.